Fahali wa Mzee Obare

Wahenga hawakutafuna maneno waliposema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hata paka huzaa, tena mwaka baada ya mwaka, na hakuna anayemwandalia karamu. Kazi ni kumkesha mtoto akiwa na homa, kumkanya, kumfunza kutafuta riziki, mpaka aweze kusimama peke yake mbele ya watu wazima na kusema hapana. Asiyeamini na aulize habari za msiba wa Mzee Obare wa Rodi Kopany.

Mzee Obare alikula chumvi nyingi. Alipofumba macho alikuwa amepita miaka tisini, na bado alitafuna mahindi ya kuchoma bila kuomba msaada. Maisha yake yote aliuza ng'ombe: aliwanunua Kehancha, kwa Wakuria, akawafunza kuvuta plau, kisha akawauzia wakulima wa Homa Bay. Jambo moja tu alinyimwa. Yeye na mkewe, marehemu Roselyn, hawakujaliwa mtoto. Rafiki yake wa Kehancha, Mniko, alipofariki muda mfupi baada ya kumzika mke wake mwenyewe, Obare alirudi nyumbani na ng'ombe wawili na kitoto cha kike cha rafiki huyo, kiitwacho Priscilla, kisichojua lugha yoyote isipokuwa Kikuria.

Majirani walicheka. Obare akawaacha wacheke. Kwa kuwa mtoto hakujua Dholuo, lugha ya Wajaluo, mwanamume mzima aliketi chini akajifunza Kikuria, akakivunjavunja kama kuni, hadi siku mtoto alipocheka kwa mara ya kwanza.

"Mtoto hawezi kubeba msiba na lugha ngeni kwa siku moja," aliwaambia waliomshangaa.

Mazoea hayo yalimfuata hadi zizini. Ng'ombe wote aliowatoa Kehancha aliwasemesha kwa Kikuria hichohicho kilichovunjika. Priscilla naye akakulia nyuma ya plau, kamba mkononi, akisikia sauti hiyo kila asubuhi.

Sasa mzee alikuwa ndani ya jeneza chini ya turubai. Priscilla, mwanamke mzima mwenye kibanda cha kuuzia omena, dagaa wa ziwani, kule Sindo, alisimama mbele ya ukoo wote, macho mekundu kwa kulia.

"Hakuna buru," alitangaza Nashon, binamu mdogo wa marehemu na msemaji wa ukoo. Buru ni zile mbio za fahali na mikuki za kukifukuza kifo hadi mpakani mwa kijiji, heshima ya mwisho ya mzee wa Kijaluo. "Fahali huongozwa na mtoto wa marehemu. Huyu ndugu yangu, Mungu amrehemu, hakuzaa. Tutamzika kimya kimya, nyuma ya nyumba."

Nyuma ya nyumba! Kana kwamba hakuwahi kuwa na boma. Priscilla alihisi damu ikimchemka.

"Baba mdogo, mtoto wake niko hapa."

"Mimi si baba mdogo wako. Wewe ni wa Mniko. Kwenu ni Kehancha."

"Mniko alinizaa, na ninamshukuru. Lakini aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali nikitetemeka kwa malaria ni nani? Ni nani aliyenifunga kiatu siku ya kwanza ya shule? Baba yangu hatazikwa nyuma ya nyumba nikiwa hai."

Nashon akacheka. "Haya, kama wewe ni mtoto wake, mtoe Rateng' zizini. Ukimfikisha langoni, mimi nitanyamaza."

Watu waliguna. Rateng', fahali mweusi ambaye mzee alimtoa Kehancha, hakuwa amekubali kuguswa tangu mwenyewe afariki. Asubuhi hiyo vijana wawili walikuwa wameingia zizini kifua mbele, wakatoka kwa kuruka ua wa minyaa, mmoja akiwa na kiatu kimoja.

Jared, mchimba kaburi, alimshika Priscilla mkono. "Dada, wachana na hiyo ng'ombe. Itakuua bure."

"Basi mtachimba makaburi mawili," Priscilla akajibu, "na yote mawili mbele ya nyumba."

Akaingia. Rateng' akaparura ardhi na kuinamisha pembe. Priscilla aliogopa, tena sana, lakini hakuokota fimbo. Alisimama ubavuni, mahali fahali angeweza kumwona, akaanza kumsemesha. Kikuria kilikuwa lugha ya mama yake na angeweza kukisema kikanyooka. Alikivunja. Alikivunja vilevile alivyokivunja Obare, palepale alipojikwaa Obare, kwa sauti ileile ya kubembeleza, huku machozi yakimtiririka. Masikio ya fahali yakageuka. Kichwa kikainuka. Akasogea polepole, akamlamba kiganja.

Priscilla akamfunga kamba kwenye pembe na kumtoa. Alifika langoni. Hakusimama. Alimpita Nashon bila kumtupia jicho, akaanza kukimbia na fahali kuelekea mpakani.

"Toka, kifo!" alipaza sauti. "Obare ameacha mtu! Ameacha mtu!"

Vigelegele vikapasuka. Jared alitupa jembe, akachomoa mkuki uliokuwa umeegemezwa ukutani, akamfuata. Vijana wote wakatimka nyuma yao, vumbi likapanda, na wazee wenye mikongojo wakajikokota hadi barabarani ili wasipitwe na buru la Obare.

Waliporudi, Nashon alikuwa amesimama mbele ya nyumba, kofia mkononi. Akamwita Jared.

"Chimba hapa mbele, upande wa kulia. Ni mahali pa mwenye boma." Akamgeukia Priscilla. "Nyathina, mwanangu, mpe fahali maji. Amechoka."

"Nitampa, baba mdogo," Priscilla alijibu, akilikazia jina hilo, na safari hii hakuna aliyemkanusha.

Obare alizikwa mbele ya nyumba yake, na mtoto wake ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Obare hakumzaa, lakini alimlea hadi hata fahali akamtambua kuwa mtoto wake. Kweli, kuzaa si kazi, kazi ni kulea.