Mama Aliyempa Mwanawe Mgongo

Wapendwa, leo niwapeleke jikoni kwa mama mmoja. Anachambua mchicha, na binti yake wa chekechea ameketi mbele yake kwenye kigoda. Mwalimu amewapa mchezo wa nyumbani: unachukua neno, unabadilisha sauti moja, unapata neno jingine. Ndivyo mtoto anavyojiandaa kusoma.

“Sema pika,” mama anasema. “Haya, toa p, weka f.”

“Fika!”

Kila jioni binti anajibu bila kukosea, na mama anatamba mpaka kwa majirani. Lakini darasani mtoto yule yule akiulizwa anabaki kimya, machozi yanamlengalenga. Wenzake wanakwenda darasa la kwanza, yeye inasemekana atabaki.

Mama akafunga safari ya shuleni, amefura. “Mwalimu, mwanangu anajua! Nyumbani anajibu yote!”

“Hebu muulize hapa, mama, nami nisikie.”

Akamuuliza. Mwalimu akaona kitu ambacho mama mwenyewe hakukijua: swali likiisha tu, midomo ya mama ilikuwa inalitamka jibu polepole, bila sauti.

“Mama,” mwalimu akasema kwa upole, “mtoto halisikilizi neno. Anatazama mdomo wako.”

Je, tumlaumu mama huyu? Nani kati yetu anavumilia kumwona mwanawe akihangaika?

Jioni ile akachukua mchicha wake, akaketi, akampa mtoto mgongo. “Sema moto. Toa m, weka j.”

Mtoto akautafuta mdomo wa mama, hakuuona.

“Mama, geuka.”

Hakugeuka. Mtoto akauliza, “Mama, umenikasirikia?”

“Sijakukasirikia, mwanangu. Niko hapa hapa. Lisikilize neno, ujaribu mwenyewe.”

Akaiziba midomo yake kwa kanga, machozi yanamtoka. Nyuma yake kitoto kinanong'ona: moto… oto… oto… “Joto! Mama, ni joto!”

Mama aligeuka haraka hata mchicha ukamwagika, akamkumbatia.

Ndugu zangu, wangapi tumeingia humu leo tumechoka kuomba? Tumesema, “Bwana, geuka,” naye hakugeuka, basi tukajiambia amekasirika, ametuacha. Mtoto yule aliona mgongo tu. Kanga iliyolowa machozi hakuiona. Sisi nasi tumeona nini cha Mungu, hata tuseme yeye hatujali?

Wewe unayelia moyoni, hajaondoka jikoni. Yuko hapo hapo, amejizuia kwa shida, anakusikiliza. Jaribu tena.