Nguchiro na Dubwana Lisilonawa

Hapo zamani za kale, zamani ambazo bado hata hazijafika, wanyama walirusha vyombo vya angani kama sisi tunavyoendesha baiskeli. Msiniulize kivipi, mimi nasimulia tu.

Basi Kifaru, nahodha, na Nguchiro, mpishi wake, wakatua kwenye sayari isiyo na jina. Mbele yao wakaona pango jekundu, linapumua. Nguchiro akamsihi nahodha apige hodi kwanza, huenda pana mwenyewe. Kifaru akacheka, akasema tangu azaliwe hajambishia mtu hodi. Akaingia kifua mbele.

Chwaa! Mikono ikamdaka. Mikono mingi, minene, kila mmoja una mdomo kiganjani. Halikuwa pango, wanangu, lilikuwa dubwana.

Nguchiro alikuwa bado nje. Angeweza kukimbia, lakini akimbilie wapi? Aliyejua kurusha chombo ni Kifaru peke yake. Kifaru akiliwa, naye hatawaona tena watoto wake.

Midomo ikaanza kumlamba nahodha. Kifaru mzima, na kiburi chake chote, akawa analia.

Nguchiro akaleta birika na beseni kutoka chomboni, akasogea karibu.

"Shikamooni," akasema. "Naona mnataka kula. Mmeshanawa?"

Midomo ikaacha kulamba. Lugha ya wageni hao ilikuwa imejifunza kwa kuwasikiliza tangu watue, ila hilo la kunawa haikuwa imelisikia. Nguchiro akaeleza kwamba kwao hakuna anayekula bila kunawa, labda awe mshenzi. Maji yapo, atawamiminia mwenyewe.

"Haya, mimina," mkono mmoja ukasema, ukaachia sikio la Kifaru.

"Taratibu. Kwetu huanza mkubwa. Mkubwa wenu nani?"

"Mimi," ikasema mikono yote kwa pamoja.

Ehee! Mmoja ukamzaba mwenzake kofi. Mwingine ukaachia mguu wa Kifaru upate kujitetea, mwingine shingo, mwingine pembe. Paa, puu, paa! Nguchiro akasimama na birika lake, akingoja, mpaka mkono wa mwisho ukaachia mkia.

"Nahodha, kimbia."

Walitimua mbio hizo! Chombo kinapaa, huku nyuma mikono bado inatwangana.

Kifaru akashika usukani, Nguchiro akaingia jikoni. Chakula kilipoiva, Nguchiro akaleta birika kama kawaida. Kifaru akalipokea, akammiminia Nguchiro maji kwanza.

Basi, wanangu, anayegombea ukubwa huachia alichoshika.