Karani Aliyeona Aibu Kutembea Majini

Mto husomwa mchana, huvuliwa usiku.

Bibi Gaudensia, mpishi wa shule ya bweni, aliyasema maneno hayo jioni moja akiwapakulia maharage vijana watatu. Vijana hao walikuwa wamelala mchana kutwa, na sasa walikuwa wakiomba mshumaa wa kusomea mtihani wa kesho. Wakacheka, wakamuuliza mto umeingiaje kwenye hisabati. Bibi akafunika sufuria, akakaa juu ya gunia la unga. Methali hii, akasema, haikutungwa na mwenye hekima. Ilitungwa na mtu aliyeipata hekima ikiwa imechelewa, na mambo yalianza hivi.

Katika mto Lukiru, unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa, kuna samaki waitwao mbasa. Masika yakikolea, mbasa huacha ziwa na kupanda mto kwenda kutaga. Ni warefu, weupe kama bati jipya, na wana akili kuliko baadhi ya wajumbe wa kijiji. Mchana hujificha kwenye maji marefu, humwona mvuvi kabla hajamaliza kushuka ukingoni. Usiku ndipo husogea penye maji mafupi kula. Kwa hiyo watu wa Lukiru huwavua gizani, bila taa ya aina yoyote. Mwanga ukigusa maji, mbasa hukimbia wote, na dimbwi hubaki tupu hadi alfajiri.

Kila nyumba ilikuwa na dimbwi lake mtoni. Mwenye dimbwi akifa, nyumba yake ilipewa msimu mmoja. Mtu wa nyumba hiyo alipaswa kuvua mbasa japo mmoja, akate mkia na kumpelekea mlinzi wa mto. Msimu ukiisha pasipo mkia, dimbwi lilikwenda kwa jirani wa upande wa chini wa mto. Sheria hiyo haikuwa na huruma, wala haikujisingizia kuwa nayo.

Mwaka aliofariki Kosmasi, mjane wake Winfrida alibaki na watoto wanne na dimbwi. Mbasa wa masika, waliokaushwa kwa moshi, ndio waliokuwa wakiwavusha watoto wale kila mwaka hadi mahindi yakomae. Lakini Winfrida hakuruhusiwa kuvua. Mjane aliye kwenye matanga hatoki usiku mpaka mwaka utimie, na watoto walikuwa bado wadogo. Tumaini likabaki kwa Longinus, mdogo wa marehemu, karani wa bohari mjini Songea, aliyefika mazikoni amevaa viatu vyeusi na kuvifuta mara mbili kabla ya jeneza kushushwa.

"Dimbwi la kaka haliondoki," Longinus akatangaza mbele ya waombolezaji. "Nitavua mimi."

Watu wakaitikia, wengine kwa machozi. Longinus mwenyewe alitokwa na machozi, kwani aliyapenda sana maneno yake.

Sasa, desturi ya Lukiru haikumtaka mgeni wa uvuvi ashike ndoana usiku mara moja. Kwanza alipaswa kutembea dimbwini mchana, siku saba, miguu mitupu na macho amefumba. Alipaswa kulijua kila jiwe kwa unyayo. Ajue mahali mchanga unapokatika ghafla na kina kuanza, na ahesabu hatua kutoka hapo hadi kwenye mizizi ya mkuyu inayonasa ndoana. Huko ndiko kusoma mto.

Mchana wa kwanza Longinus alishuka mtoni. Wanawake walikuwa wakifua. Alivua kiatu kimoja.

"Karani!" mmoja akaita. "Ukianguka, uandike na tarehe!"

"Mwacheni," mwingine akasema, "anatafuta bohari ya samaki."

Kicheko kikapanda hadi ng'ambo. Longinus akakitazama kile kiatu kwa muda, akakivaa tena, akarudi nyumbani. Njiani alijiambia kwamba maji ni maji, na kwamba mtu aliyehesabu magunia elfu hawezi kushindwa na shimo la maji aliloogea utotoni. Tangu siku hiyo alilala mchana, akisema anaandaa macho kwa ajili ya usiku.

Winfrida alimfuata kibarazani. "Shemeji, mchana naruhusiwa kutoka. Nipe mkono, nikupitishe mwenyewe. Nimefua pale miaka kumi na miwili."

"Nishikwe mkono na mwanamke mbele ya watu, kama kipofu?"

"Ukifika usiku, shemeji, wote ni vipofu."

"Basi tutakuwa sawa," akajibu, akageukia ukuta.

Mvua zikaendelea. Mara mto ulijaa mno, mara kichwa kilimuuma, mara mwezi ulikuwa mkubwa. Ukabaki usiku mmoja wa msimu, mweusi kama chungu, maji yametulia vizuri.

Longinus alishuka na mwanzi wa kuvulia wa marehemu, ndoana yenye chambo cha usipa, dagaa wa ziwani, na tochi mfukoni ambayo hakumwonyesha mtu. Aliwasikia mbasa kabla hajafika: mlio mdogo wa maji kufunguka na kufungika, hapa, pale, karibu sana. Kumbe ni rahisi! Akarusha mshipi. Ndoana ikashika kitu kizito, akavuta, kisivutike. Ulikuwa mzizi wa mkuyu.

Akaingia majini kwenda kuinasua. Hatua ya kwanza ilikuwa mchanga, na ya pili pia. Ya tatu haikuwa na kitu chini yake.

Maji yakamfika kidevuni. Hakujua ukingo uko upande gani. Giza lilikuwa lile lile mbele, nyuma na juu, na miguu yake haikukumbuka lolote, maana haikufundishwa lolote. Akaipata tochi mfukoni, akaiinua, akaiwasha.

Aliwaona. Walikuwa wamemzunguka wote, wengi kuliko alivyowahi kuwaza, wamepangana majini kama visu kabatini. Aliwaona kwa muda wa pumzi moja. Kisha maji yakatikisika, na dimbwi likawa tupu.

Ukingo ulikuwa hatua mbili tu kutoka pale alipokuwa.

Asubuhi Mzee Kapinga, mlinzi wa mto, alikuja nyumbani na fimbo yake. Ditriki, jirani wa chini, alimfuata nyuma, akitazama chini. Mbasa waliokimbia walikuwa wameingia kwake.

"Longinus, mkia uko wapi?"

"Mzee, nipe usiku mmoja."

"Sina usiku wa kumpa mtu, mwanangu. Hata Kosmasi alipokuwa akifa sikuwa nao wa kumpa."

Winfrida alisikia yote akiwa mlangoni. Hakulia. Aliingia ndani akaanza kufunga vyombo, kwa kuwa pasipo dimbwi hakukuwa na cha kuwalisha watoto hapo, na kaka zake walikaa milimani, kusiko na samaki.

Alipopita mtoni na watoto na mzigo kichwani, ilikuwa mchana. Longinus alikuwa dimbwini, maji magotini, miguu mitupu, macho amefumba, akipapasa kwa unyayo. Wanawake waliokuwa wakifua hawakucheka.

"Shemeji, toka majini. Si letu tena."

"Najua."

"Sasa unafanya nini humo?"

Longinus alisogeza mguu, akaupata ukingo wa mchanga unapokatika, akasimama hapo hapo.

"Mto husomwa mchana, shemeji," akasema. "Huvuliwa usiku."

Winfrida akaweka mzigo sawa kichwani, akawatanguliza watoto, akaondoka. Maneno hayo yalipelekwa kijijini na wanawake wa kufua, na tangu hapo mgeni wa uvuvi akiona aibu kukanyaga maji mbele ya watu, hakuna anayembembeleza. Huambiwa tu, kwa sauti ya chini: mto husomwa mchana, huvuliwa usiku.