Nyoka Mweupe wa Hebitani

Tulia kidogo usome kisa hiki kutoka Japani, kisha mpe na mwenzio.

Palikuwa na kijiji kilichobanwa kati ya milima miwili, kikiitwa Hebitani, yaani Bonde la Nyoka. Hapo aliishi mzee Tokuji, mtunza hadithi za kijiji. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake.

Hadithi kuu ilikuwa ya nyoka mweupe alalaye mlimani. Nyoka huyo akiamka huunywa mto ukakauka, hata kama mvua inanyesha. Pumzi yake hunuka udongo mbichi. Kisha hushuka bondeni kumeza nyumba za watu.

Kila mwaka, siku ya sikukuu, Tokuji aliisimulia mbele ya hekalu lililo juu ya kilima, kwa maneno yale yale ya kale. Hakupunguza neno, hakuongeza neno. Watu wazima waliinamisha vichwa kwa heshima. Watoto walisinzia, maana Kijapani chenyewe kilikuwa cha kale mno.

Siku moja alipita karibu na shule akasikia watoto wanaangua vicheko. Akachungulia. Shizue, mke wa mwanawe, aliyekuwa mwalimu pale, alikuwa akiwaonyesha picha alizochora: nyoka mnene, tumbo limemvimba kwa kunywa mto, anajamba mpaka miti inainama!

"Akijamba, mnasikia harufu gani?" Shizue aliuliza.

"Ya matope!" watoto wakaitikia.

"Na mnafanya nini?"

"Tunakimbilia hekaluni!"

Tokuji alimsubiri nje.

"Shizue, ile ni nini?"

"Ni hadithi yetu, Baba."

"Hadithi yetu haina mashuzi! Mababu walimwogopa nyoka huyu. Wewe umemfanya kichekesho."

Shizue aliinama. "Nisamehe, Baba. Mwaka jana niliwauliza watoto hadithi yako inasema nini. Hakuna aliyejua, hata mmoja."

"Si lazima wajue. Lazima waheshimu." Akaondoka. Kwa wiki mbili hakumsemesha.

Kisha ikaja mvua. Ilinyesha siku tatu bila kukatika. Siku ya tatu, siku ya mapumziko, saa sita mchana, Tokuji alikuwa nyumbani anakunywa chai aliposikia kelele. Watoto walikuwa wakikimbia kuelekea kilimani, wameziba pua, wanapiga mayowe: "Nyoka kajamba! Kaunywa mto! Nyoka kajamba!" Nyuma yao mama zao waliwafuata mbio, wakiwaita warudi wasije wakapata homa.

Damu ilimchemka mzee. Akachukua fimbo yake. "Leo nitawatia adabu."

Katikati ya ngazi za hekalu pumzi ilimwishia, akasimama. Hapo ndipo harufu ikamfikia: udongo mbichi. Akageuka kuutazama mto. Mvua ya siku tatu, na mto umepungua mpaka mawe ya chini yanaonekana!

Maneno aliyoyakariri miaka arobaini yalimjia kichwani, na kwa mara ya kwanza akayasikia. Huko juu kitu kilikuwa kimeuziba mto, na kilikuwa karibu kuachia.

Akajaza kifua hewa, akapaza sauti ile ile ya siku za sikukuu. "Pandeni! Pandeni wote! Acheni kila kitu!"

Waliowapuuza watoto hawakuthubutu kumpuuza Tokuji. Walitoka majumbani, wengine wamebeba wagonjwa, wengine bila viatu. Wa mwisho walikuwa wakizipanda ngazi mlima uliponguruma. Matope, miti na majabali vilishuka kwa pamoja na kuzifagia nyumba kumi na nne. Ya Tokuji ilikuwa mojawapo.

Hekaluni watu walihesabiana. Watoto walikuwa wote. Wazee wote. Akakosekana mmoja tu: Shizue.

Mwanawe Tokuji alitaka kushuka, wakamshika. Mzee alikaa chini kwenye matope.

Mara sauti ikatoka upande wa pili wa hekalu, kwenye njia ya msituni: "Jamani, nipokeeni, amekuwa mzito!" Alikuwa Shizue, amelowa chapachapa, amembeba mgongoni bibi kipofu aliyekuwa akiishi peke yake kando ya shule.

Kijiji kizima kililia na kucheka kwa wakati mmoja. Tokuji aliinuka, akamwendea mkwewe, akamwinamia mpaka paji la uso likakaribia magoti. Hakuna aliyewahi kumwona akimwinamia mtu aliye mdogo kwake.

"Mwanangu," alisema, "ninazo hadithi nyingine thelathini. Nifundishe kuzisimulia, watoto wazielewe."

Funzo: Hekima ya wazee haitunzwi kwa kukaririwa bali kwa kueleweka. Ukitaka neno la mababu limwokoe mtoto wako, mwambie kwa lugha anayoisikia.