Kanda ya Mama Tunu

Sogeeni karibu, nina kesi ambayo hakimu wake hasikii.

Mzee Mbelwa aliwasagia wanakijiji mahindi miaka thelathini, na ngurumo za mashine zikamla masikio. La kushoto lilishakufa. La kulia lilififia wiki baada ya wiki. Alitamani jambo moja tu: kuisikia tena sauti ya marehemu mkewe kabla sikio hilo halijaziba. Sauti hiyo ilikuwamo kwenye kanda ya kaseti, salamu alizomrekodia enzi Mzee akiwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge.

Lakini mvua ilikuwa imekata daraja, na dukani hapakuwa na betri hata moja ya redio kaseti. Kilichobaki ni pipa la dizeli na ile mashine.

"Atakayenirudishia mama yenu," Mzee aliwaambia wanawe watatu waliokuja kumtazama, "kanda ni yake."

Tunu, mkubwa wao, alikuwa fundi wa springi za malori. Alijua kutuliza chochote kinachotikisika. Shekue alisuka waya upesi kama wengine wasukavyo ukili. Zaina, kitinda mimba, akiweka kiganja juu ya mashine, hukwambia nati ipi imelegea. Huyu sauti ya mama hakuijua kabisa, maana mama alifariki wiki aliyomzaa.

Sasa mashine yenyewe ilipakana ukuta na nyumba. Ikiwashwa, bati, sufuria na meno ya watu vyote vilicheza. Umeme wa kuiendesha redio ungetoka humo humo kwenye mtikisiko, lakini katika mtikisiko ule nani angesikia kanda?

Tunu akaikalisha mashine juu ya springi nne za lori bovu. Ilipowashwa, ikarukaruka yenyewe huko juu, sakafu ikatulia, bati likanyamaza.

"Iacheni icheze peke yake," Tunu akasema.

Shekue akakuona kule kucheza ni mali. Aling'oa sumaku kwenye spika mbovu akazifunga chini ya mashine, na sakafuni akasimamisha koili za waya wa shaba uliozungushwa duara. Sumaku zikapanda na kushuka ndani ya waya, umeme ukatoka. Ila ulikuwa haba. Kaseti ilijikokota, mama akaongea kama mlevi.

"Huyo siye," Mzee akasema, akageuza uso.

Ndipo Zaina akaweka kiganja. Akaongeza mawe juu ya mashine, akapunguza, akaongeza, mpaka ikapata mwendo wake na umeme ukajaa. Kumbe mahindi yanayosagwa yakipungua mashineni, na uzito nao unabadilika! Ikabidi abaki pale pale kila kanda ilipopigwa, akipanga mawe, wakati wenzake wamemzunguka baba ndani.

"Baba Tunu," ilisema kanda, "mahindi tumevuna. Tunu anakuulizia kila siku. Mabichi ya kuchoma nimekuwekea, ila ukichelewa yatakauka. Rudi, bwana."

"Narudi, mke wangu," Mzee akajibu, akalia bila kujificha.

Siku ya tatu sikio la kulia likaziba. Daraja nalo likafunguliwa, na watatu wakawa wanarudi kila mmoja kwake, mbali na mwenzake.

"Bila springi zangu Baba angesikia bati," Tunu alisema. "Na humo ndani mama anataja jina langu. Nilishasahau alivyokuwa akiniita."

"Bila waya wangu, dada, asingesikia chochote," akasema Shekue. "Mimi picha yake sina, sina hata kanga yake."

Zaina alikuwa akitazama viganja vyake. "Bila mimi mlimsikia mlevi. Nyie mmeshamsikia. Mimi bado."

"Lakini aliahidi kumlipa aliyefanya kazi, mdogo wangu, siyo aliyekosa kusikia," Tunu akamjibu kwa upole.

Wote wakamgeukia baba awaamue. Mzee Mbelwa ameishika kanda mkononi, anatazama midomo yao, haambulii hata neno.

Nyinyi masikio mnayo, na kesi mmeisikia yote. Je, ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani kanda ile?