Zohali na Msichana wa Nyuma ya Pazia

Anayetazamwa naye ana macho. Ndivyo nilivyomjibu mjukuu wangu Shomari jana, aliporudi kutoka kwenye posa yake, akakaa kitako na kututangazia, "Bibi, tumemtazama yule binti. Anafaa." Dada zake wakacheka, kisha wakataka kujua msemo huo nimeutoa wapi. Nimeutoa nyumbani kwetu Tanga, Ngamiani, Barabara ya Nane, na ulizaliwa hivi. Nikiusimulia kwa ukali mnisamehe, maana huyo aliyetazamwa alikuwa mama yangu mzazi, Mwanahamisi, kabla hajaolewa na baba yangu.

Mwanahamisi aliposwa na kijana mmoja jina lake Nuhu. Mama yake Nuhu, Bi Tatu, alikuwa na duka la vitambaa na imani kubwa juu ya nyota. Kwanza alikuja na mashoga zake kumkagua binti. Wakamtembeza chumbani, aende, arudi. Wakamfumua nywele. Wakamchungulia meno. Meno, jamani, kama mbuzi wa mnadani. Naye alikuwa ameambiwa ainamishe uso, akauinamisha.

Kwenye meno waliridhika, zikabaki nyota. Bi Tatu akamleta mnajimu wake, Mhindi mmoja wa mjini aliyeitwa Joshi Mahesh. Babu yangu, Mzee Kipanga, kwa kuogopa binti yake asije akaonewa, naye akamwita wa kwake, Bwana Hiza, karani mstaafu wa reli aliyejifunza unajimu wa Kizungu kwenye vitabu alivyoviagiza Ulaya. Jambo lilikuwa zito. Binti aliyekataliwa kwa ajili ya nyota huitwa kisirani, na jina hilo halioshwi kwa sabuni. Hakuna ambaye angethubutu kumposa tena, na mdogo wake angechafuka pamoja naye.

Basi alasiri moja wanaume wakakaa ukumbini, Nuhu mwenyewe akiwemo, Bi Tatu naye kajiwekea kiti katikati yao. Mwanahamisi na mama yake walikuwa chumbani, nyuma ya pazia jepesi. Chumbani kulikuwa na giza, ukumbini kuna mwanga wa madirisha, kwa hiyo wa nje hawakumwona wa ndani.

Wanajimu wote wawili walikubaliana kwamba siku aliyozaliwa Mwanahamisi, Zohali, ile sayari nzito ya mikosi, ilikuwa imeukabili mwezi wake. Ugomvi ulikuwa kama mwezi nao unamwona Zohali.

"Hesabu kuanzia alipo Zohali," akasema Joshi Mahesh. "Mwezi uko nyumba ya kumi kati ya zile kumi na mbili za angani. Kila sayari hutazama nyumba ya saba kutoka ilipo, lakini Zohali ana macho ya ziada, hutazama na ya tatu na ya kumi. Kwa hiyo yeye anauona mwezi. Mwezi una jicho la ile ya saba tu, haumwoni. Binti huyu atapigwa asijue fimbo imetoka wapi, na mumewe atapigwa pamoja naye."

"Sivyo, bwana," akajibu Bwana Hiza. "Sisi tunapima pembe. Kati ya hao wawili kuna pembe mraba, na pembe haina upande mmoja. Zohali akiuona mwezi, mwezi nao unamwona. Watasumbuana, sikatai, lakini mwezi unaweza kushindana naye."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kinachonichoma mimi hadi leo ni hiki: mwenye huo mwezi alikuwa hatua chache tu kutoka pale, ana masikio na ulimi, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza neno. Hata babu yangu. Huyo Hiza aliyekuwa upande wetu aliutetea mwezi, msichana hakumkumbuka.

Bi Tatu akachoka. "Haya basi, huyu mwacheni," akasema. "Yule mdogo wake nyota yake ikoje? Tusirudi mikono mitupu."

Mdogo mwenyewe ni mama yangu mdogo Mize, aliyekuwa wakati huohuo anacheza rede uani na wenzake. Na Nuhu, mwanamume mwenye ndevu zake, akaitikia kwa kichwa huku anatafuna halua.

Hapo pazia likafunguka.

"Shikamooni," akasema Mwanahamisi, maana alilelewa. "Mmegombana alasiri nzima kama mwezi wangu unaona au hauoni. Mimi ninaona. Nimemwona Nuhu akipewa chai, akamtazama mama yake kwanza ndipo akanywa. Nimemwona akiambiwa nina mkosi, asiulize hata mimi ni mtu wa namna gani. Sasa anabadilishiwa mtoto mdogo, kama kitambaa kilichochuja dukani, na bado anatafuna. Baba, mimi simtaki. Na Mize usimpe."

Bwana Hiza, badala ya kuona haya, akamgeukia mwenzake. "Si nilikwambia unaona?"

Mzee Kipanga hakumjali. Aliinuka, akalichukua sinia la posa walilokuja nalo wageni, na kanga zake na halua iliyobaki, akaliweka mapajani mwa Bi Tatu.

"Unarudisha posa kwa maneno ya mtoto?" Bi Tatu akafoka. "Binti yako kisirani, Kipanga. Sote tumemtazama, tumeona."

"Anayetazamwa naye ana macho," akasema babu yangu. "Yeye kawatazama nyinyi, na aliyoyaona nimeyasadiki."

Maneno hayo yalifika sokoni kabla Bi Tatu hajafika kwake. Jina la kisirani likakosa pa kukaa, maana aliyekataliwa sasa alikuwa Nuhu. Na kila nyumba aliyopeleka posa baadaye, mabinti walisogeza pazia kwanza wamtazame anavyokunywa chai.

Nilipofika hapo jana Shomari akauliza taratibu, "Bibi, kwani yule binti atakuwa ameniona vipi?"

"Mimi nitajuaje? Ulikwenda kumtazama, kumwuliza hukumwuliza. Inuka urudi ukamwulize. Anayetazamwa naye ana macho."