Mama Mwakio na Miji Minne ya Mediterania

Hii nimeletewa asubuhi na shemeji yangu, nikaisoma mara mbili chai ikipoa. Isome yote, halafu mpelekee yeyote ambaye mama yake bado yu hai.

Yuko mtu Mombasa aitwaye Mwakio, kazi yake ni kupanga safari za mabasi. Yeye ndiye anayejua basi la Nairobi litoke saa ngapi, lipumzike Mtito dakika ngapi, na dereva akichelewesha chai yake ni abiria wangapi wa Taveta watakaokosa gari la kuunganisha pale Voi. Kwa kazi hiyo hana mpinzani, na mwenyewe analijua hilo.

Mama yake anaishi Voi. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu na makovu ya mvuke mikononi na sauti ya kuita watoto mia nne. Watu wote humwita Mama Mwakio.

Mwaka jana macho yake yalianza kumsumbua. Mwakio akampeleka hospitali, na daktari akamvuta kijana wa watu pembeni.

"Ni presha ya macho, na mmechelewa," alisema. "Ugonjwa huu hula kuanzia pembeni. Sasa hivi mama anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Dawa itapunguza kasi tu. Mpe mwaka mmoja wa kuona, labda na nusu."

Mwakio akafanya lile ambalo wengi wetu huwafanyia wazazi wetu. Alinyamaza. Alimwambia mama kwamba ni uzee, atie dawa kila jioni. Ndugu zake wote wakaambiwa, hata mchungaji akaambiwa, lakini mwenye macho hakuambiwa.

Kisha ndugu wakakutana. Wakasema, kama ni mwaka mmoja, basi mama auone ulimwengu. Zamani aliwahi kusema angependa kuiona Roma. Wakachanga, wakanunua safari ya meli ya siku nane katika bahari ya Mediterania: Marseille, Genova, Roma, Napoli. Wangekwenda Mwakio, mkewe Saru, binti yao Mshai wa miaka tisa, na mama.

Nataka nimsifu Mwakio hapa, kwa sababu baadaye mtamlaumu. Mtoto huyu alipanga safari ile kwa moyo wake wote. Aligundua kwamba bandari ya Roma iko mbali na Roma yenyewe, mwendo wa zaidi ya saa moja. Akajifunza kwamba ukinunua matembezi ya meli, meli itakungoja hata basi lenu likichelewa, lakini ukitoka kivyako ukachelewa, utaipungia mkono kutoka nchi kavu. Akahesabu ngazi za kila kanisa kwa sababu ya magoti ya mama. Akaandika yote kwenye karatasi: hapa dakika arobaini, hapa ishirini, hapa maji na choo, hapa mbele kwa mbele.

Saru alipoiona ile karatasi alicheka. "Baba Mshai, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na ukingo wenyewe huko ni bahari."

"Hatuna muda wa kupoteza," alijibu Mwakio, na Saru akaacha kucheka maana alijua anachokisema.

Mama alisomewa ratiba nzima. Akasikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Nina ombi moja, mwanangu. Kila mji tupate saa moja ya kukaa tu. Sote wanne."

"Kukaa, Mama? Kukaa si hata Voi tutakaa!"

"Voi hamkai," alisema mama.

Mwakio alimpa dakika ishirini kwa kila mji, akajiona mkarimu.

Wakasafiri. Marseille walipanda hadi kanisa la juu kilimani, ambako mji wote na bahari yake viko chini yako. Watu walikuwa wakipiga picha na kuguna kwa raha. Mwakio akamshika mama mkono, akamweleza visiwa viko wapi. Ndipo alipogundua kitu kilichomkera. Mama, ambaye sasa hawezi kuona kitu asipokielekezea uso, alikuwa ameupa mji kisogo. Alikuwa akimtazama Mshai aliyening'inia kwenye ukuta akihesabu mashua.

"Mama, mji uko huku."

"Nimeuona, baba. Mzuri."

Genova waliingia kwenye nyumba ya samaki, penye matangi makubwa ya vioo. Papa akapita, pomboo wakapita. Mama akakaa kwenye benchi, akiwa amewapa samaki ubavu. Mwakio akaanza kusaga meno. Alijiambia pengine ni uchovu, akapunguza ngazi za Roma.

Roma ndiyo iliyomvunja moyo. Waliingia kanisa kuu, na ninyi mliowahi kuliona hata kwenye picha mnajua dari lile lilivyo. Mwakio mwenyewe aliinua kichwa, akasahau karatasi, akasahau hata kufunga mdomo. Alipozinduka akageuka amwone mama yake anavyofurahi. Mama hakuwa ametazama juu. Alikuwa akimtazama yeye.

"Mama, tafadhali! Hili ndilo ulilotaka kuliona."

Mama akainua uso, akalipitia dari taratibu, kipande kwa kipande. "Kubwa kweli," akasema. "Waliolijenga Mungu awarehemu." Kisha akaurudisha uso pale pale ulipokuwa.

Kwenye basi la kurudi bandarini Mwakio alikuwa akipiga hesabu. Miezi ya kupanga, ndugu kujinyima, na mama anaupita ulimwengu kama mtu anayepita sokoni bila haja ya kununua. Na kila siku iliyopita ilikuwa siku imetoka kwenye mwaka ule.

Walipofika Napoli, mji wa mwisho, ratiba ilisema wateremke saa mbili asubuhi, wapande treni, wakaone mji wa kale uliofukiwa na majivu ya volkano. Walishuka. Nje ya lango la bandari palikuwa na mkahawa mdogo wenye meza nje. Mama akavuta kiti, akakaa.

"Leo mimi siendi. Tukae hapa."

"Mama, treni inatoka baada ya dakika kumi na nane."

"Itoke salama."

Mwakio akavumilia, kisha hakuweza tena. Sauti ikampanda mbele ya watu. "Mama, hujui ni kwa nini tuko hapa! Hujui! Laiti ungejua, ungetazama kila kitu tunachokuonyesha!"

Saru akamshika mkono, akiwa amechelewa.

Mama akamtazama mwanawe kwa upole. "Kwa nini nisijue? Macho haya yanazimika, na daktari alikwambia."

Mwakio akaiweka karatasi mezani. "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Mpishi wa watoto mia nne hafichwi ugonjwa. Jicho langu la kushoto nililifunga nikajua, la kulia nikalifunga nikajua. Halafu mkaanza kuja kwangu na maneno laini na mbuzi wa kuchinja. Nikasema, hawa wamebeba kitu kizito, wacha nisiwaongezee."

Saru akaangua kilio papo hapo mezani. Mshai akamkumbatia mama yake bila kuelewa lolote.

"Basi kama ulijua," alisema Mwakio, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtoto, "kwa nini hukutazama?"

Mama Mwakio akafumba macho yake yote mawili. "Niulize kuhusu Roma."

"Kuhusu Roma nini?"

"Lolote. Sikumbuki sana. Palikuwa na mawe mengi. Sasa niulize kuhusu nyinyi."

Kabla hawajauliza akaanza mwenyewe, macho yamefumbwa.

"Mshai ana jino jipya la juu, limeota upande upande. Akitaka kuuliza swali, nyusi ya kushoto hutangulia kupanda kabla ya mdomo. Saru akichoka hukunja midomo, kisha husema hajachoka. Alisema hivyo mara tisa katika miji mitatu. Na wewe una mvi nyuma ya sikio. Marehemu baba yako alianzia hapo hapo. Krismasi hukuwa nazo."

Mwakio akapeleka mkono nyuma ya sikio.

"Nilipokuwa shuleni," mama akaendelea, "nikishapakua, sikuwa natazama sufuria. Nilikwenda kusimama mlangoni nikawatazama watoto wakila. Hapo ndipo nilipoona kama chakula ni kizuri, na nani anaumwa, na nani analilia nyumbani kwao. Wapishi wenzangu walilala saa ile. Mimi hiyo ndiyo iliyokuwa saa yangu. Sasa nyinyi mmenileta huku nione. Nami nimeona, mwanangu. Nimewaona mkiona. Jana kanisani uliinua kichwa ukaacha mdomo wazi, na uso wako ukafunguka. Uso ule mara ya mwisho niliuona ukiwa na miaka saba, treni ilipopita Voi. Nilidhani sitauona tena. Ungetaka niuache nitazame dari?"

Mimi niliposoma hapa nilisimama kidogo, nisiwafiche. Mwanamke anaambiwa na mwili wake kwamba pazia linashuka, naye anakaa kimya mwaka mzima asiwasumbue wanawe, halafu nuru iliyobaki anaigawa kama alivyokuwa akigawa chakula, kila mmoja sahani yake, asimsahau hata mkwe. Kama huo si utukufu, basi sijui utukufu unafananaje.

"Voi ungeniambia tu," alinong'ona Mwakio. "Tungekuja kukaa."

"Voi ukija Jumapili, Jumapili unaondoka. Simu mkononi, mlango wazi, gari linanguruma. Sijawahi kukushika siku nane mfululizo tangu uondoke kwenda kidato cha kwanza. Safari yenu ni nzuri sana, baba. Mngenipeleka hata Taveta kwa siku nane ningeshukuru hivi hivi."

Treni ya Mwakio iliondoka. Hakuitazama saa. Mhudumu akaleta kahawa tatu na maziwa ya Mshai, na mpangaji wa mabasi, ambaye hajui kukaa, akasimama katikati ya viti asijue afanye nini.

"Nikae wapi, Mama?"

"Hapa mbele yangu," alisema mama. "Usikae pembeni, sikuoni."

Akakaa mbele yake. Mama akamtazama kwa muda mrefu, paji, pua, kidevu, mpaka mtu mzima yule akaona haya na machozi yakaanza kumtoka. Lakini hakuugeuza uso wake.

Funzo: Mzazi anayezeeka usimjazie miji ya kutazama ukamnyima uso wako. Nenda ukae mbele yake angali anakuona.